Kutoka Upagazi hadi Kampuni Changa: Vijana Wetu na Utu wa Kazi



Dominika moja baada ya Misa katika kigango kimojawapo cha Ntalikwa, kijana mmoja alituomba faragha. Alikuwa amerejea kutoka Dar es Salaam, na wazazi wake walidhani yuko likizo. Ukweli ni kwamba kampuni changa iliyomwajiri ilikuwa haijamlipa mshahara kwa miezi mitano. Hakuwa na mkataba. Alikuwa na jumbe za simu tu, ambamo mwanzilishi wa kampuni alimwandikia mara kwa mara kwamba wao ni familia, kwamba fedha za wawekezaji ziko njiani, na kwamba kila atakayevumilia atapewa hisa. Kijana huyu hakutuuliza swali la sheria. Alituuliza hivi: “Padre, nikidai haki yangu, je, nitakuwa nimekosa uvumilivu wa Kikristo?”

Tuliona kwamba swali hilo si la kwake peke yake. Wazazi wengi wa jimbo letu wameuza mahindi, karanga, tumbaku na asali ili mtoto asome. Sasa mtoto amehitimu, yuko mbele ya ulimwengu wa ajira ambao wazazi hawaujui, na sisi wachungaji wakati mwingine hatuujui pia. Makala hii ni jitihada ya kuueleza ulimwengu huo na kuuweka katika mizani ya Injili na ya Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Chama cha vijana katika parokia zetu huitwa VIWAWA. Wengi hulitamka jina hili bila kukumbuka kirefu chake: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Mizizi yake iko Ubelgiji, ambako Padre Joseph Cardijn, mtoto wa familia ya wafanyakazi, alianzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakatoliki mwaka 1925. Aliwaona wenzake wa utotoni wakiingia viwandani na kupoteza imani, naye akiwa kitandani pa baba yake aliyekuwa akifa aliazimia kuyatoa maisha yake kwa ajili ya wafanyakazi. Aliwafundisha vijana njia ya hatua tatu: ona, amua, tenda. Mtakatifu Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo kwa Kanisa zima katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Nasi tuifuate.

Ona: ajira si jambo geni katika nchi ya Unyanyembe

Watu husema kwamba kazi ya mshahara ililetwa na wakoloni. Historia ya Tabora inasema vingine. Katika karne ya 19, kabla ya bendera ya Ujerumani kupandishwa, maelfu ya Wanyamwezi walijiajiri kama wapagazi katika njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pia watumwa, na kumbukumbu hiyo ya aibu haipaswi kufutwa. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo na waliorudi nyumbani wakati wa kilimo.

Tuuangalie mpango wa kazi yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo. Ujira ulilipwa kwa vitambaa, shanga na waya za shaba, na sehemu yake iliweza kutolewa kabla ya safari. Mbali na ujira kulikuwa na posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku au kitu cha kununulia chakula hicho. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyejua njia na aliyeheshimiwa na wapagazi wenzake. Jioni walikula na kulala kwa makundi, na kila kundi liliwatazama watu wake walipougua.

Safari haikuwa fupi. Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Msafara ulipokosa posho, au mwenye mali alipotaka kuvunja mapatano kuhusu mzigo na mapumziko, wapagazi waliweka mizigo chini. Wengine waliondoka usiku. Wageni walioandika vitabu juu ya safari zao waliwaita wavivu na wakaidi. Mpagazi angeweza kusema kwamba alikuwa akilinda mapatano. Neno posho limebaki katika ofisi zetu mpaka leo, na neno kirangozi ni ndugu wa neno kiongozi. Hivyo tunaposema juu ya viongozi na posho, tunatumia lugha iliyotumika pia katika njia ya misafara.

Kazi hiyo ilikoma kwa sababu ya ufundi mpya. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliohitaji mabega ya mamia ya watu sasa ulipakiwa ndani ya behewa. Mpagazi aliyeijua kila chemchemi toka Tabora hadi pwani aliona ujuzi wake ukipoteza thamani katika muda mfupi. Wengine walikuwa makuli wa reli, wengine walikwenda kwenye mashamba ya pwani, wengine walirudi kwenye jembe. Leo tunaposikia kwamba akili bandia inaandika barua, inachuja wasifu wa waombaji kazi na kujibu wateja, tukumbuke kwamba babu zetu walikwisha kuupitia mtihani wa namna hii.

Kampuni changa ni kitu gani?

Kampuni changa, kama tunavyoizungumzia hapa, si duka wala karakana ndogo iliyoanza jana. Ni shughuli iliyojengwa juu ya wazo jipya, mara nyingi la programu ya simu, ambayo inakusudia kukua upesi kwa mtaji wa watu wengine. Mwanzilishi hupeleka wazo lake kwa wawekezaji. Akipewa fedha, fedha hizo hulipa mishahara na pango kwa miezi kadhaa wakati kampuni ikitafuta wateja. Wateja wakipatikana, wawekezaji wengine huja. Wasipopatikana, fedha hukauka na kampuni hufungwa, hata kama kila mtu alifanya kazi kwa bidii.

Mpango huu si dhambi. Umeleta mambo mema: kutuma fedha kwa simu, kumpatia mkulima taarifa za bei, kumwunganisha mgonjwa na daktari aliye mbali. Lakini kijana anayeingia humo yapasa ajue kwamba anapanda mtumbwi mwepesi. Unakwenda mbio, na unaweza kupinduka.

Ahadi ya hisa nayo yahitaji maelezo. Hisa ni sehemu ya umiliki. Kwa desturi ya kampuni hizi, mfanyakazi hazipati zote siku ya kwanza, bali huzipata kidogo kidogo kwa miaka, mara nyingi minne, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huenda asipate kitu. Tena hisa za kampuni isiyouzwa wala kuorodheshwa katika soko la hisa hazinunui hata kilo ya unga. Zinaweza kuwa utajiri kesho, au zisiwe chochote. Kwa hiyo mtu hawezi kuambiwa kwa haki aache mshahara wote kwa ajili ya hisa, tena hisa zilizoahidiwa kwa mdomo. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kuna pia kazi ambazo hazina ofisi wala msimamizi anayeonekana. Dereva hupokea abiria kupitia programu, na programu ndiyo inayompangia nauli, inayompima na inayoweza kumfungia. Kijana mwingine hukaa chumbani akipanga taarifa kwa ajili ya kampuni iliyo ng'ambo. Katika jiji la Nairobi, baadhi ya vijana waliajiriwa kuchuja picha na video za kutisha ili watumiaji wa mitandao ya kijamii wasizione. Tangu mwaka 2022 wamefungua kesi mahakamani wakilalamikia ujira wao na madhara waliyopata akilini. Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Mtu anaweza kuketi kwenye kiti kizuri mbele ya kompyuta, na bado akabeba mzigo mzito kuliko frasila mbili.

Amua: mizani ya Injili

Turudi kwa kijana wetu na swali lake. Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mfanyakazi aliyekuwa katika hali kama yake. Ni Yakobo, katika nyumba ya Labani. Labani alikuwa mjomba wake, na alimpokea kama mtu wa damu yake. Yakobo alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea, akalazimika kutumika saba mingine. Baadaye aliwaambia wake zake kwamba baba yao alikuwa ameubadilisha ujira wake mara kumi (Mwa 31:7). Undugu ulitumika kama pazia la kufunika dhuluma. Biblia haimlaumu Yakobo kwa kulisema jambo hilo waziwazi. Inasimulia kwamba Mungu aliyaona mateso yake.

Mwajiri anayesema “sisi ni familia” anaweza kuwa na moyo mwema. Lakini tuipime kauli hiyo. Katika familia, chakula kikipungua, baba hali akashiba huku watoto wakilala njaa. Katika familia, mtoto haachishwi undugu kwa barua. Ikiwa kampuni inataka kujitoa kwa namna ya familia lakini inahifadhi haki ya kuachisha kazi kwa namna ya kampuni, basi jina la familia limeazimwa kwa faida ya upande mmoja. Kwa hiyo ni afadhali mwajiri awe mwajiri mwaminifu kuliko awe baba wa maneno.

Sheria ya Musa ilimwamuru mwajiri ampe kibarua maskini ujira wake siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, kwa maana maisha yake yanautegemea (Kum 24:14-15). Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anamweka anayemnyima kibarua ujira wake pamoja na wamwagao damu. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo hufika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Kwa sababu hii Kanisa linafundisha kwamba kuzuia ujira ni miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya hiari hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali chochote. Ujira wa haki ni ule unaomwezesha mfanyakazi kuishi kwa heshima. Fundisho hilo limo pia katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2434. Basi kampuni isijitetee kwa kusema: “Alikubali mwenyewe.”

Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alifanya kazi katika machimbo ya mawe na katika kiwanda cha kemikali wakati wa uvamizi wa Wanazi nchini Poland, alitupatia waraka Laborem Exercens mwaka 1981. Anatofautisha sura mbili za kazi. Ya kwanza ni kile kinachofanywa: mzigo, programu, hesabu, tofali. Ya pili ni yule anayefanya, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Sura hii ya pili ndiyo inayoipa kazi thamani yake. Kazi ipo kwa ajili ya binadamu, na binadamu hayupo kwa ajili ya kazi. Kutokana na msingi huo, mfagizi wa ofisi na mwandishi wa programu za kompyuta wanalingana kwa utu, ingawa mishahara yao haifanani.

Papa Leo XIV alipowahutubia Makardinali mwezi Mei 2025, siku chache baada ya kuchaguliwa, alieleza kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, kwa kuwa ulimwengu unapita tena katika mapinduzi ya viwanda, safari hii pamoja na akili bandia, na utu wa kazi unahitaji kulindwa upya. Kanisa halisemi kwamba reli isijengwe. Linauliza mpagazi atakwenda wapi, na nani atamsaidia kujifunza kazi mpya.

Jibu letu kwa kijana, basi, lilikuwa hili: uvumilivu wa Kikristo ni kuyabeba mateso bila chuki. Haumtaki mtu anyamaze ili mwenzake aendelee kutenda dhambi. Kudai ujira kwa ukweli na kwa upole ni tendo la haki, na kwa mwajiri ni tendo la huruma pia, kwa sababu linampa nafasi ya kutubu.

Tenda: kwa anayetafuta kazi

Kwanza, useme ukweli. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti katika utumishi wa umma nchini mwetu uliwabaini watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Kila cheti cha namna hiyo kilikuwa kimekalia kiti cha mtu mwingine aliyesoma kwa jasho. Wasifu wako uwe mfupi na wa kweli. Kama ulilima tumbaku na kaka yako, uliweka hesabu za kwaya au ulifundisha katekesimu, yaandike, maana hizo ni kazi na zinaonyesha uaminifu. Katika usaili, usione haya kusema “hilo silijui, ila niko tayari kujifunza.”

Pili, usinunue kazi. Mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo alitusimulia jinsi alivyotuma fedha za karanga zake kwa mtu aliyejiita wakala, kwa ajili ya “fomu,” kisha “vipimo vya afya,” kisha “sare.” Namba ya simu ilizimwa, kazi haikuwapo. Mwajiri wa kweli humlipa mfanyakazi. Anayekutaka utangulize fedha ili uajiriwe, mkimbie. Kwa nafasi za serikali, fuata Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tena anayetaka mwili wa binti ili ampe kazi anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Binti yetu, aibu hiyo si yako.

Tatu, daima uombe maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Sheria hii haikuzitoa nje kampuni changa.

Nne, zijue hesabu chache. Kwa walio wengi, saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi kwa mama ni siku 84, au 100 akijaliwa mapacha. Muda wa majaribio haupaswi kuzidi miezi 12. Mfanyakazi wa sekta binafsi aandikishwe katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambako mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Angalia mwenyewe kama michango inafika.

Tano, usichelewe kudai. Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Tume huanza kwa usuluhishi: pande mbili huketi mbele ya msuluhishi kabla ya uamuzi wowote. Njia hiyo haiko mbali na shauri la Bwana wetu la kupatana na mshitaki wako mngali njiani (Mt 5:25).

Sita, uwe mfanyakazi mwema. Mtume Paulo alishona mahema kule Korintho (Mdo 18:3), na aliwakemea waliokaa bure wakila vya wenzao (2 The 3:10). Historia ya njia yetu ina mfano wa uaminifu huo. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, Chuma, Susi na wenzao hawakuwa tena na mtu wa kuwaamuru. Waliubeba mwili wake miezi mingi. Walipopita hapa Unyanyembe walishauriwa wauzike, wakakataa. Waliufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Hatuwataji ili vijana wetu wakubali kufanya kazi bila malipo. Tunawataja kwa sababu walijua walichoahidi, na ahadi ni deni kwa mwajiriwa kama ilivyo kwa mwajiri.

Tenda: kwa sisi tunaoajiri

Ni rahisi kulaumu kampuni za mijini. Lakini mkulima wa tumbaku anayemleta kibarua kutoka mbali kwa msimu ni mwajiri. Mama anayemweka msichana wa kazi nyumbani ni mwajiri. Parokia yenye mlinzi, mpishi na mhasibu ni mwajiri. Nasi tukiri hapa: katika parokia mojawapo tulikotumwa, tulimkuta mlinzi aliyekuwa amelinda kanisa miaka mingi bila karatasi yoyote. Alipougua, tulichangisha sadaka kwa ajili yake, na watu walitusifu kwa ukarimu. Siku ile dhamiri ilitusuta. Tulikuwa tukimpa kama sadaka kile ambacho kilikuwa haki yake.

Wakristo wenye kuajiri wajiulize maswali manne. Je, mfanyakazi wangu anajua kwa maandishi ninachomdai na ninachomlipa? Je, mshahara unafika siku tuliyopatana, hata kama mimi mwenyewe ninapaswa kusubiri? Je, anapata pumziko la saa 24 kila juma, kama sheria inavyotaka, na nafasi ya kumwabudu Mungu? Je, nilimchagua kwa uwezo wake, au kwa kuwa ni mtoto wa shangazi?

Juu ya pumziko tuseme zaidi. Simu imeifanya ofisi imfuate mtu mpaka kitandani. Ujumbe wa saa tano usiku unaosema “naomba jibu sasa hivi” huiba usingizi wa mfanyakazi, mazungumzo ya wanandoa na sala ya jioni. Wapagazi walikuwa na saa ya kutua mizigo, na msafara wote ulilijua jambo hilo. Mwajiri Mkristo aweke saa ya kutua mizigo. Mfanyakazi ambaye zamu yake inamzuia Dominika akumbuke kwamba Misa ya Jumamosi jioni hutimiza amri ya Dominika.

Mabaraza ya walei na VIWAWA yanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Katika kila parokia yupo mwalimu, mwanasheria au afisa mstaafu anayeweza kusoma mkataba pamoja na kijana kabla hajatia sahihi. Waliofanikiwa mijini wanaweza kuwapokea wanaofika, kama makundi ya wapagazi yalivyowatazama wenzao. Na katika Jumuiya zetu tuache kumpima kijana aliyerudi nyumbani kama aliyeshindwa. Katika mfano wa Bwana (Mt 20:1-16), wale waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja walipoulizwa sababu, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Aliwapa kazi, na jioni aliwapa kitu cha kupeleka nyumbani.

Kijana wetu alizichapisha zile jumbe za simu, akaandika barua ya heshima kwa mwajiri wake, na asipojibiwa katika muda aliouweka ataipeleka CMA. Tunapoandika, shauri lake halijaisha, na hatuwezi kumwahidi kwamba atapata kila shilingi. Lakini jioni ile alikwenda kuwaambia wazazi wake ukweli. Baba yake, alivyotusimulia baadaye, alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza kama amekula.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, uliyemlea Mwana wa Mungu kwa kazi ya mikono yako, utuombee.